Ulimficha Nani? Niliyojifunza Katika Kutabiri Sifa kwa DNA

Mtu anaponiambia kwamba modeli yake inatabiri kimo cha mmea, wingi wa maziwa ya ng'ombe au umri wa binadamu kutoka kwenye DNA kwa usahihi wa 0.7, sishangilii wala sibishi. Namuuliza swali moja: ulimficha nani? Usahihi huo ni uhusiano kati ya kilichotabiriwa na kilicho halisi: 0 ni kubahatisha tu, 1 ni kulingana kikamilifu. Nao hupimwa kwa kuficha. Unachukua watu, wanyama au mimea ambayo sifa zao zinajulikana, unaifundisha modeli kwa sehemu ya kundi hilo, kisha unaitaka ikisie sifa za wale uliowaficha. Namba inayotoka ni jibu, lakini ni jibu la swali gani? Hilo linaamuliwa na namna ulivyoficha, na kila nililojifunza katika kazi hii limepitia hapo.

Niliingia kwa mlango wa takwimu. Nilikuwa nimesomea hesabu, nikachukuliwa na timu ya watafiti wa mbegu za mahindi iliyokuwa na data nyingi na wachambuzi wachache. Nilikabidhiwa majedwali mawili. La kwanza lilikuwa na vipimo vya shambani: siku za kuchanua, kimo, uzito wa punje. La pili lilikuwa na alama za DNA, yaani zile sehemu za jenomu (DNA yote ya kiumbe) ambapo mbegu moja hutofautiana na nyingine kwa herufi moja. Mbegu zilikuwa mia kadhaa. Alama zilikuwa makumi ya maelfu.

Aliyesoma milinganyo sekondari ataona shida mara moja: visivyojulikana ni vingi mno kuliko milinganyo. Ukitafuta athari ya kila alama kwa njia ya kawaida utapata majibu yasiyo na ukomo, na kila moja litalingana na data zako bila kasoro. Modeli ya namna hiyo imekariri. Iletee mbegu ambayo haijawahi kuiona, itababaika kama mwanafunzi aliyekariri majibu ya mtihani wa mwaka jana.

Njia iliyoonekana ya busara kwa miaka mingi ilikuwa kuchuja: pima alama moja moja, bakiza zile zenye uhusiano mkubwa na sifa, tupa nyingine. Mwaka 2001 Theo Meuwissen, Ben Hayes na Mike Goddard walichapisha kazi iliyobadilisha mwelekeo huo. Waliiga kwenye kompyuta kundi la wanyama ambao thamani yao halisi ya kinasaba ilijulikana, kisha wakalinganisha njia mbalimbali za kuikadiria. Walipobakiza tu sehemu za jenomu zenye athari kubwa, usahihi kwa watoto wa wanyama waliopimwa ulikuwa 0.32. Walipoziacha sehemu zote zibaki, kila moja ikibanwa ielekee sifuri, usahihi ulipanda hadi 0.73. Na walipotumia njia ya Bayes, inayoruhusu sehemu chache kuwa na athari kubwa na nyingi kuwa karibu na sifuri, ulifika 0.85.

Nilikaa na namba hizo tatu kwa muda mrefu, kwa sababu zinakwenda kinyume na silika ya mtu aliyefundishwa kutafuta kilicho na maana kitakwimu. Sababu yake ni hii: alama inayoshinda mchujo imeshinda kwa vitu viwili, athari yake ya kweli na bahati ya sampuli ile. Ukichagua washindi peke yao umechagua pia waliobahatika, kwa hiyo athari zao unazikadiria kupita kiasi, na bahati ile haihamii kwa kizazi kinachofuata. Zile ulizozitupa, kila moja ikiwa dhaifu, kwa pamoja zilikuwa zimebeba sehemu kubwa ya sifa.

Na sifa nyingi tunazozijali zimejengwa hivyo. Mwaka 2009 ulitoka utafiti mkubwa kuhusu muda wa kuchanua kwa mahindi, ukihusisha karibu mistari 5,000 ya mbegu, yaani koo zilizotulia kinasaba, na karibu mimea milioni moja. Hawakukuta jeni moja lenye nguvu linaloamua siku ya kuchanua, bali sehemu nyingi zenye athari ndogo ndogo. Kwa binadamu, utafiti wa urefu wa mwaka 2022 ulikusanya data za watu wapatao milioni 5.4 na kuorodhesha alama 12,111 zinazohusiana na urefu. Anayetafuta jeni moja la urefu atalitafuta maisha yake yote.

Baada ya kuelewa hayo nilianza kupata matokeo mazuri. Kawaida ya wengi, na ya timu yetu pia, ilikuwa kugawa mbegu mafungu matano bila mpangilio, kuficha fungu moja, kufundisha kwa manne, na kuzungusha mpaka kila fungu limefichwa zamu yake. Nilipeleka matokeo kwa mama mmoja ambaye alikuwa amezalisha mbegu tangu zamani za kalamu na daftari. Sote tulimwita Mwalimu. Aliangalia mchoro kwa utulivu, akaniuliza hizi nukta zinatoka familia gani. Nikazipaka rangi, kila familia na rangi yake, nikamrudishia.

“Mwanangu,” akasema, “hapa umenionyesha kwamba unamjua kila mtoto ni wa nani. Hilo mimi ninalo kwenye daftari. Ninachotaka unitofautishie ndugu na ndugu.”

Rangi zilikuwa zimesema kila kitu. Familia zenye mavuno makubwa zilikaa juu, zenye mavuno madogo zikakaa chini, na ule mstari mzuri wa kupanda ulitokana na tofauti kati ya familia na familia. Ndani ya kila rangi, nukta zilikuwa wingu tu. Kwenye familia nyingine bado kulikuwa na mwelekeo wa kupanda, hafifu. Kwenye nyingine hakukuwa na lolote.

Jambo hili lina msingi wake kwenye hesabu zenyewe. Ile njia ya kuzibana alama zote ni sawa kihesabu na njia nyingine inayotumia alama kupima undugu: unakokotoa kila jozi ya mbegu zinashirikiana kiasi gani cha jenomu, kisha unamtabiri asiyejulikana kwa kuwatazama ndugu zake waliopimwa, wa karibu wakipewa uzito zaidi. Majibu ni yaleyale. Kwa hiyo modeli inayosemwa imegundua athari za jeni, kwa sehemu kubwa inaweza kuwa inatambua ukoo. Ukigawa mafungu bila mpangilio, kila mbegu uliyoificha imeacha ndugu zake wa tumbo moja kwenye kundi la kufundishia, na hao ndio wanaotoa jibu. Si udanganyifu. Undugu ni habari halali kabisa, na kama kazi yako ni kutabiri mbegu ambayo ndugu zake umeshawapima, basi namba ile ni ya kweli kwako. Ila Mwalimu hakuwa na kazi hiyo. Alikuwa na watoto wa wazazi walewale wawili, kila mmoja amepata mchanganyiko wake wa jenomu kwa bahati, naye anatafuta aliyepata mchanganyiko bora.

Tangu hapo tukaanza kuficha kwa makusudi. Tulificha familia nzima, asibaki hata ndugu mmoja, ili tujue modeli itasema nini kuhusu familia itakayozaliwa kesho. Tulificha nusu ya familia na kupima usahihi ndani ya familia hiyohiyo, bila kuchanganya rangi. Tulificha msimu mzima wa mvua, kwa sababu mkulima hapandi mbegu yake kwenye misimu iliyopita. Hili la misimu lina ngazi zake: kutabiri mbegu mpya katika msimu uliokwisha kuupima ni jambo moja, kutabiri mbegu inayojulikana katika msimu mpya ni jingine, na kutabiri mbegu mpya katika msimu mpya ni gumu kuliko yote mawili. Kila namna ya kuficha ilitoa namba yake kutoka kwenye data zilezile na modeli ileile, na namba zilizidi kushuka kadiri swali lilivyokaribia kazi halisi ya shambani. Ninaziamini hizo zilizoshuka.

Wapo waliotuambia tunajidhulumu, kwamba tunachagua kipimo kigumu ili tuonekane wakali. Sikubaliani nao. Mbegu ikishatoka kwa mtafiti, atakayelipa gharama ya matumaini yaliyozidi ni mtu aliyelima na kupanda, wala si aliyechora grafu.

Kuna uvujaji mwingine, yaani habari za waliofichwa kupenya hadi kwenye modeli, ulio mgumu zaidi kuuona, nao hutokea kabla hata hujaanza kuficha. Mtafiti anachukua data zote, anachagua alama au jeni zenye uhusiano mkubwa na sifa, kisha ndipo anagawa mafungu na kupima usahihi. Waliofichwa wamekwisha kupiga kura katika uchaguzi wa alama, hivyo hawajafichwa. Christophe Ambroise na Geoffrey McLachlan walilieleza vizuri mwaka 2002 wakitumia data za saratani ya utumbo mpana na za leukemia (saratani ya damu) zilizokuwa zimechapishwa tayari: makosa ya utabiri yalionekana madogo mno uchaguzi wa jeni ulipofanyika nje ya ufichaji, na yakaongezeka ulipoingizwa ndani.

Yeyote anaweza kujionea mwenyewe. Tunga jedwali la bahati tupu, vitu 100 na alama 20,000 za kubahatisha, na sifa ya kubahatisha isiyohusiana na chochote. Chagua alama 20 bora ukitumia vitu vyote, kisha gawa mafungu na upime. Utapata usahihi wa kuvutia kutoka kwenye data ambazo hazina kitu. Zoezi hili huwa nampa kila kijana anayejiunga nasi, kabla hajagusa data halisi, na sijaona maelezo ya mdomo yanayoingia akilini namna hiyo. Na kwenye data halisi tunafanya kinyume chake: tunachanganya safu ya sifa ovyo, kila mbegu ipewe kipimo cha mbegu nyingine, kisha tunaipitisha kazi yote upya tangu hatua ya kwanza ya kusafisha hadi ya mwisho. Usahihi ukikataa kushuka karibu na sifuri, kuna mahali panavuja, na hatuendelei mpaka papatikane.

Maabara nayo huacha alama zake. Mwaka 2010 jarida la Science lilichapisha utafiti uliodai kutabiri, kwa alama za DNA, nani ataishi zaidi ya miaka mia, na mwaka uliofuata watafiti wenyewe wakauondoa. Tatizo lilikuwa kwenye upimaji: chipu za kusomea DNA hazikuwa za aina moja kwa wote, na mpangilio huo haukuwa sawasawa kati ya wazee na kundi la kulinganishia. Modeli ikiletewa data kama hizo itajifunza kutambua chipu. Haina namna ya kujua kwamba hilo silo uliloliuliza. Kwa hiyo kabla ya kuomba faili la DNA siku hizi naomba kwanza orodha ya tarehe, sahani za maabara na mashine, na nani alipimwa pamoja na nani. Ikiwa wagonjwa wote walipimwa wiki moja na wazima wiki nyingine, hakuna hesabu itakayowatenganisha ugonjwa na wiki.

Baadaye nilifanya kazi kwa muda na data za methilesheni, yaani vile vibandiko vya kikemikali vinavyoshikamana na DNA na kubadilika kadiri mwili unavyozeeka. Steve Horvath alionyesha mwaka 2013 kwamba sehemu 353 tu za methilesheni zinatosha kukadiria umri wa mtu kutoka kwenye tishu nyingi tofauti, na kosa la kati kwenye data zilizofichwa lilikuwa takriban miaka 3.6. Ni kazi nzuri sana. Iliniongezea jambo moja kuhusu swali langu: haitoshi kujua nani amefichwa, ni lazima ujue waliofichwa wametofautiana kiasi gani. Ukificha kundi lenye watoto wachanga, vijana na vikongwe, uhusiano kati ya umri uliotabiriwa na umri halisi utakaribia 1 bila jasho, kwa sababu hata makadirio mabovu hayamchanganyi mchanga na kikongwe. Chukua modeli hiyohiyo kwa watu wa miaka 50 hadi 55, na uhusiano utaporomoka ingawa kosa kwa miaka ni lilelile. Ndiyo maana siridhiki na kizigeu cha uhusiano peke yake. Nataka nione kosa kwa kipimo cha sifa yenyewe, iwe miaka, sentimita au kilo.

Kuhusu upimaji wa sifa zenyewe, watu wa hesabu tunaupa heshima ndogo kuliko inavyostahili. Mavuno ya shamba moja katika msimu mmoja ni jeni, na rutuba ya kipande kile, na maji yaliyotuama pembeni, na mkono wa aliyepima. Hata modeli inayojua thamani ya kinasaba bila kosa lolote haiwezi kulingana kikamilifu na kipimo kama hicho. Dari ya uhusiano ni kipeuo cha pili cha kiwango cha kurithika kwa kipimo hicho, yaani sehemu ya tofauti za kipimo inayotokana na jeni: ikiwa kiwango ni 0.25, dari ni 0.5. Nimeona timu zikihangaika kubadilisha modeli kwa miezi, zikitafuta nyongeza ya sehemu ndogo ya mia, wakati kupanda kila mbegu kwenye vipande viwili zaidi kungewapa zaidi ya hayo. Vijana wetu wa shambani, wanaohesabu siku za kuchanua asubuhi kwa asubuhi juani na kwenye tope, wamechangia usahihi wetu kuliko modeli yoyote niliyoandika, na majina yao tunayaweka kwenye kila ripoti.

Sasa nifike kwenye ufichaji unaoniuma zaidi. Katika tafiti za jenomu ya binadamu, wanaofichwa kwa kupimia huwa wanatoka kundi lilelile la wanaofundishia, na kundi hilo kwa sehemu kubwa mno ni watu wenye asili ya Ulaya. Makala iliyotoka mwaka 2019 katika Nature Genetics ilionyesha kwamba takriban asilimia 79 ya washiriki wa tafiti hizo walikuwa na asili hiyo, na kwamba usahihi wa alama za hatari, yaani zile jumla za athari za DNA zinazokadiria hatari ya mtu kupata ugonjwa, hupungua sana zinapopelekwa kwa watu wengine, hasa wenye asili ya Afrika. Hata ule utafiti mkubwa wa urefu wa 2022 uliona hivyohivyo: alama zake zilieleza karibu asilimia 40 ya tofauti za urefu kwa watu wenye asili ya Ulaya, na kati ya asilimia 10 na 20 kwa wengine.

Chanzo cha pengo hilo kinafahamika. Alama tunayoisoma mara nyingi siyo yenyewe inayosababisha sifa, bali ni jirani wa ile inayosababisha, na hurithiwa pamoja nayo. Ujirani huo si sawa kila mahali. Kwa watu wa Afrika, ambao wana tofauti nyingi za kinasaba kuliko wengine wote duniani, vipande vya DNA vinavyorithiwa kwa pamoja ni vifupi, kwa hiyo alama iliyokuwa shahidi mzuri kwingine huenda haina la kusema. Zipo pia tofauti za DNA ambazo ni za kawaida Afrika na adimu Ulaya, na modeli haikupata nafasi ya kujifunza athari zake. Kwangu hili halihesabiwi kama upungufu wa kiufundi wa kutajwa kwenye aya ya mwisho ya makala. Kipimo kinachopelekwa hospitalini kikiwa na namba ya usahihi iliyopatikana kwa watu wengine kinampa daktari uhakika ambao mgonjwa aliye mbele yake hanao. Namba hiyo ipimwe upya kwa watu wanaohudumiwa, na kama hakuna data zao, zikusanywe kwa ridhaa yao na kwa manufaa yao, kabla ya kipimo kuanza kutumika.

Hata pale usahihi unapokuwa wa haki, inabidi mtu ajue anautumia kwa nini. Kwa wafugaji wa ng'ombe wa maziwa, utabiri wa jenomu umeleta mapinduzi. Dume hatoi maziwa, kwa hiyo zamani ilibidi asubiriwe mpaka binti zake wakue, wazae na wakamuliwe ndipo thamani yake ijulikane. Tangu Marekani ilipoanza kutumia rasmi tathmini za jenomu mwaka 2009, ndama anaweza kuchaguliwa akiwa bado mdogo, na kwa ng'ombe wa aina ya Holstein wa huko muda wa kizazi (umri wa mzazi mtoto anapozaliwa) kwa upande wa baba wa madume umeshuka kutoka takriban miaka 7 hadi chini ya miaka 2.5. Utabiri haukuhitaji kuwa kamili. Unapochagua wachache kutoka maelfu, makosa ya mmoja mmoja hufidiana na wastani wa kundi hupanda.

Mtu mmoja aliyeketi mbele yako hana wa kufidiana naye. Chukua ule urefu wenye asilimia 40. Ikiwa watu wa kundi lile wametawanyika kwa kadiri ya sentimita 7 kila upande wa wastani, basi hata baada ya kusoma jenomu yake yote, kadirio lako linabaki na mtawanyiko wa sentimita 5 na ushei. Ni afadhali kidogo tu kuliko kumtajia wastani. Nimewahi kuombwa na wazazi niwaambie mtoto wao atakuwa nani kwa kutazama DNA yake, nikawaeleza hivyo kwa sentimita, nao walielewa haraka kuliko ningewaeleza kwa asilimia.

Upande wa mbegu, kazi inaendelea, na kazi yake kubwa kwa sasa ni kwamba modeli huzeeka. Kila tunapochagua walio bora na kuwazalisha, jenomu huchanganyika upya, ujirani wa alama na jeni hulegea, na watoto wanazidi kuwa mbali na mababu walioifundisha modeli. Kwa hiyo kila mzunguko tunarudisha sehemu ya mbegu mpya shambani zipimwe na kuingizwa kwenye kundi la kufundishia. Mwanzoni bajeti ilitaka tupime zile tu ambazo modeli ilizipenda. Mwalimu, kabla hajastaafu, alisisitiza kwamba zipandwe pia nyingine chache zilizookotwa bila kuangalia utabiri, kwa sababu modeli isiyoona dhaifu haitajua tena dhaifu anafananaje. Safu hizo tunazipanda hadi leo. Huwa zinakaa katikati ya nyingine bila kibao chochote, na wanaopima hawaambiwi ni zipi.